Siku Rais Alipotozwa Ushuru wa Choo

Mliponiaga pale ofisini, ninyi vijana wa kitengo cha elimu ya mlipa kodi, mlininunulia blanketi na keki, halafu mmoja wenu akauliza kama ni kweli mimi ndiye yule Madam aliyemlipia Rais choo. Nilikuwa na keki mdomoni, nikaitikia kwa kichwa. Sasa nimesikia hadithi hiyo inavyosimuliwa wakati wa chai, na imetiwa chumvi hadi haifai kuliwa na mtu mwenye presha. Ati nilimshika Rais mkono. Ati alilia. Hakulia. Nimeketi hapa nyumbani Kegonga, kuku wananipita miguuni, niwaandikie jinsi ilivyokuwa kabla hamjaniotesha mabawa.

Nianze na siku za kwanza, maana ndizo zilizonionyesha kwamba kazi yetu haina marafiki. Mimi ni Mkuria, jina langu Boke. Nilipangiwa Homa Bay nikijua maneno mawili tu ya Kijaluo, moja la salamu, na jingine ambalo baadaye niliambiwa nisilitamke mbele ya watu wazima. Mama yangu aliposikia nimeajiriwa na idara ya kodi aliniuliza kama nafasi za ualimu zilikuwa zimekwisha kabisa. Jumapili ya kwanza nilikwenda kanisani. Mchungaji akawataka wageni wasimame waseme wanafanya kazi gani. Niliposema, akafunga Biblia pale alipokuwa amefungua, akafungua kwa Mathayo mtoza ushuru, akahubiri huku akinitazama kwa huruma mpaka mwisho. Nilitoka nimeombewa na watu ambao sikuwa nimewaambia shida yoyote.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Odero, mtu mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi mweusi, na ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Kila mnachokijua kilitoka kwake, hata kama hamjui. Alinifundisha kwamba kwenye baraza lolote kwanza uulize habari ya mvua, kwa sababu mvua haina chama. Alinikataza kubeba mkoba mkubwa, watu wasije wakadhani nimekuja na cha kubebea. Na kuhusu ukarimu wa watu alikuwa na sheria moja: "Binti yangu, ukipewa kiti, kaa. Ukipewa uji, kunywa. Ukipewa kuku, kimbia."

Rais wa wakati ule, ambaye leo ni mstaafu kama mimi isipokuwa yeye ana walinzi, alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini, na aliipenda kodi jinsi wengine wanavyopenda mpira. Akialikwa harusini, atawapongeza maharusi kisha ataingia kwenye kodi. Akienda mazishini, atamsifu marehemu kwa ukarimu, kwa subira, na kwa kulipa kodi. Imani yake ilikuwa rahisi, na niwaambie ukweli, mimi niliiamini. Bila hivyo nisingedumu. Alisema nchi inayoombaomba haina ubavu wa kukataa kitu. Alisema kodi iwe ndogo lakini kila mtu aionje, mkubwa kwa mdogo. Na alisema mwananchi atoe kwanza, barabara na hospitali na maji vitafuata. Kwenye hilo la mwisho ndipo nilipootea mvi.

Siku moja alitoa mfano redioni. Nchi ni ng'ombe, akasema, na kodi ni majani. Huwezi kukamua usichokilisha. Makao makuu walifurahi, wakatuagiza tuutembeze mfano huo kila mahali. Nikaupeleka kwetu Kegonga, nikiwa na hakika kwamba wafugaji wataupokea kuliko watu wote. Hilo ndilo lilikuwa kosa la makao makuu: kuwapelekea Wakuria ng'ombe wa maneno.

Baba mdogo wangu, Mwita, akasimama. "Huyo ng'ombe wa Rais ni wa rangi gani?"

"Baba mdogo, ni mfano tu."

"Hata mfano una rangi. Amezaa mara ngapi?"

"Sijui."

"Analala wapi?"

Nikasema, kwa namna ya kusema, analala Nairobi. Wazee wakatazamana. Mwita akavuta pumzi. "Yaani sisi tukate majani hapa, tuyapeleke Nairobi, ng'ombe ale huko, akamuliwe huko, halafu maziwa yarudi Kegonga? Si yatafika yameganda?" Mzee mwingine akataka kujua anayekamua ni nani na kama ananawa mikono. Walijadiliana kwa uzito mkubwa mpaka jua likapinda, wakaazimia kwamba Rais amuuze ng'ombe huyo mara moja na anunue wa hapa karibu. Katika ripoti yangu niliandika kwamba wananchi waliupokea mfano kwa hamu.

Osiri, kule kwa wachimbaji wa dhahabu, mambo yalikuwa mafupi zaidi. Nilikuwa nimepewa kipaza sauti cha mkononi, kipya, na kilikuwa na vitufe viwili. Kimoja cha kusemea. Cha pili hakuna aliyenieleza. Nikasimama katikati ya mashimo, nikabonyeza cha pili, king'ora kikalia kama cha gari la polisi. Ardhi ilitapika watu. Walitoka mashimoni wamepakwa udongo mwekundu, wakatawanyika kila upande, na mmoja alipita mbele yangu akisema "samahani Madam" bila kupunguza mwendo. Tulibaki watu wawili, mimi na mama mmoja aliyekuwa akipika githeri. Alinitazama, akakitazama kile kipaza sauti. "Hiyo kitu," akauliza, "inaweza kufukuza bwanangu pia?"

Basi nilipofika kwenye lile soko la barabara ya kutoka Oyugis kwenda Homa Bay, nilidhani nimekwisha kukomaa. Jina la soko silitaji. Watu wake wamechoka kuitwa watu wa choo.

Hapo ndipo nilipomkuta Min Apiyo, mama wa pacha, mfanyabiashara wa omena, dagaa wa ziwani. Alikuwa mrefu, na sauti yake haikuhitaji kitufe. Nilipomaliza kueleza uzuri wa kujiandikisha na kulipa kodi kidogo kidogo, alisimama akafunga leso vizuri kiunoni. Kina mama wote wakageuka kumtazama yeye, wakaniacha mimi na mkono wangu hewani.

"Nyar Kuria," akasema, maana ndivyo walivyoniita, binti wa Ukuria. "Umeongea vizuri. Sasa choo ya soko iko wapi?"

Nikamweleza kama tulivyofundishwa: kodi ninayoisemea ni ya serikali kuu, na choo cha soko ni jambo la baraza la mji.

"Kwani serikali iko ngapi?"

"Kwa maana hiyo, mama, ni kama mbili."

"Aa-a." Akawageukia wenzake. "Mumesikia? Ikikuja kuitisha, ni moja. Ikiitishwa, ndio inakuwa mbili."

Walicheka mpaka mmoja akashikilia nguzo ya kibanda. Lakini lile swali halikuwa la mzaha. Soko zima halikuwa na choo. Wanaume walijua pa kwenda, nyuma ya magunia, nyuma ya ukuta, nyuma ya chochote. Kina mama walivuka barabara kwenda kwenye shamba la miwa, na mwenye shamba alikuwa amenunua mbwa. Wengi waliacha kunywa maji tangu asubuhi hadi wafunge biashara, na bibi mmoja muuza ndizi alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa mkojo, karibu afe. Siku ile wakaapa, kila mmoja kwa jina la mama yake: hakuna atakayejiandikisha mpaka achutame kwenye choo cha soko.

Bwana Odero mwenyewe alikwenda kuwabembeleza. Aliuliza habari za mvua, akajibiwa vizuri. Aliuliza habari za kodi, akaulizwa choo. Akarudi, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Boke," akasema, "wale wamama wana haki, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Mtu asiye na haki tunajua namna ya kuongea naye."

Nikaanza kwenda pale peke yangu, bila kipaza sauti. Nilikaa na Min Apiyo nikimsaidia kupepeta omena, na kidogo kidogo tukazoeana. Siku moja, bila mimi kuuliza, aliniambia habari za baba yake. Zamani za kodi ya kichwa, askari wa chifu walikuwa wakisimama njiani asubuhi, na mwanamume asiye na risiti anafungwa kamba pamoja na wenzake kama mbuzi wa mnada. Baba yake alikuwa akijificha kwenye mafunjo ya ziwa, maji yakimfika kiunoni, na yeye Min Apiyo, akiwa msichana mdogo, ndiye aliyempelekea chakula.

"Mwishowe alilipa," akasema. "Alilipa osuru mpaka akazeeka. Na akakufa hajawahi kuonyesha kitu hata moja kwa kidole aseme, hiyo ni pesa yangu imefanya." Akapuliza vumbi la omena. "Ndio maana mimi nataka kuona kwanza, nyathina. Si ubishi."

Aliniita mwanangu. Nilirudi Homa Bay nikiwa na shaka na yule ng'ombe wa Rais kwa mara ya kwanza.

Lakini msimdhanie Min Apiyo kuwa malaika. Baada ya kiapo kile, yule bibi wa ndizi akiwa bado hospitalini, Min Apiyo alichimba choo chake nyuma ya stoo ya omena, cha mabati, chenye sakafu ya saruji, tangi la maji, sabuni na karatasi. Akakitia kufuli, ufunguo akautia kifuani, akatoza kila anayeingia. Kidogo tu, ya sabuni na dawa, alisema. Kina mama walishukuru. Baadaye wakaanza kuja makanga, wauza ng'ombe, walimu, hata padri. Kufikia wakati ninaousema, omena ilikuwa imebaki kama kisingizio. Na bado kwenye kila mkutano yeye ndiye aliyesimama wa kwanza kudai choo cha soko, kwa sauti ile ile.

Kisha tukaambiwa Rais anakuja Homa Bay kuhutubia juu ya kodi. Bwana Odero alitakiwa awe uwanjani kule. Mimi nikawekwa sokoni, kwa sababu msafara ungepita hapo. Haungesimama, Rais angepunga mkono, sisi tungepunga, basi. Nilipigiwa simu na mkubwa mmoja wa utawala, akaniagiza jambo moja tu: "Yule mama wa omena asiikaribie barabara. Ukishindwa na hilo, uanze kufungasha." Alitaja hata mahali ambako ningehamishiwa. Palikuwa mbali, na palikuwa na ngamia.

Asubuhi ile nikavaa blauzi yangu nyeupe, nikaning'iniza kipaza sauti shingoni, nikaingia kwenye stoo ya Min Apiyo, nikaketi kati yake na mlango. Tukapepeta omena. Alijua nimetumwa, nami nilijua anajua.

"Unanilinda?" akauliza.

"Nakusaidia."

"Basi saidia na mikono miwili."

Pikipiki za msafara zikasikika kwa mbali. Watu wakaanza kupiga vigelegele. Zikaja, zikafika, halafu badala ya kupita, zikanyamaza. Nilisikia milango ya magari ikifunguliwa. Akatokea mlangoni kijana mkubwa mwenye suti nyeusi na waya sikioni.

"Nani msimamizi hapa?"

Soko zima likanionyesha mimi, kwa sababu ya kipaza sauti.

"Madam, choo kiko wapi?"

Jamani, mimi nilikuwa nimeulizwa swali hilo mara nyingi mno kwenye soko lile. Ulimi ukaondoka wenyewe: "Hilo ni jambo la baraza la m—"

"Madam," akasema, na jasho lilikuwa likimtoka. "Choo. Sasa hivi. Si changu."

Min Apiyo akasimama. Akajikung'uta magamba ya omena, akatoa ufunguo kifuani, akatangulia, na sisi tukamfuata. Yule mlinzi akaingia kukagua. Akatazama juu, akatazama chini, akatoka, akausemesha mkono wa koti lake: "Iko sawa." Aliposhusha mkono alikuta kiganja cha Min Apiyo kimekunjuliwa mbele yake.

"Lipa."

"Mama, nilikuwa nakagua."

"Umeingia, hukuingia?"

"Niliingia, lakini sikufanya kitu."

"Hapa hatutozi kufanya. Tunatoza kuingia."

Kabla hajajibu, Rais alikuwa amefika. Alikuwa akitembea kwa hatua za mtu ambaye heshima yake na haja yake zinashindana, na heshima ilikuwa ikishindwa. Min Apiyo akapiga goti kidogo, kama inavyopasa, akamwita mzee kwa Kijaluo.

"Jaduong', karibu sana kwetu."

"Asante, mama."

Lakini Min Apiyo hakuondoka mlangoni. Nikaona wazi kabisa ngamia wa kule nilikokuwa nikipelekwa.

"Jaduong'," akasema, kwa sauti ya adabu ambayo sikujua anayo, "wewe ndio ulituambia kwa redio. Kila mtu atoe kidogo, mkubwa na mdogo. Atoe kwanza, kitu itafuata. Sasa hata padri hulipa hapa."

Nilisikia maji yakidondoka kwenye tangi. Rais alimtazama, akautazama mlango. Akapapasa mfuko wa koti, akapapasa wa suruali, wa kulia, wa kushoto. Nadhani ilikuwa miaka mingi tangu mkono wake uingie humo kutafuta kitu. Mlinzi akatoa noti kubwa.

"Sina chenji," akasema Min Apiyo.

Wakapekua mifuko, suti nyeusi zote. Hakuna mmoja aliyekuwa na sarafu. Serikali nzima ilisimama pale, na redio zake na bunduki zake, ikikosa shilingi za choo. Nikafungua kipochi changu, nikatoa.

"Ya wangapi?" Min Apiyo akaniuliza.

"Wawili. Mheshimiwa, na huyu wa sikio."

Akapokea. Akakata karatasi, akaikunja vizuri mara mbili, akamkabidhi Rais kwa mikono yote miwili. "Hii ndio risiti," akasema, akapisha.

Hapo ndipo wengine husema Rais alilia. Hakulia. Alikaa mle muda wake, akatoka akiwa mtu mwingine kabisa, ametulia, akanawa mikono kwa sabuni taratibu sana kama mtu aliye likizo.

"Mama," akasema, "choo chako ni safi. Na kile cha soko kiko wapi?"

"Hakuna ingine, Jaduong'. Ni hii."

"Kwa nini?"

Min Apiyo akanielekezea kidole. "Uliza Nyar Kuria. Yeye ndiye anajua serikali iko ngapi."

Rais akanigeukia. Ninyi mmefundishwa kujibu wakubwa kwa takwimu. Mimi siku ile kichwa kilikuwa kitupu, na labda afadhali. Nikasema, "Mheshimiwa, wao wamesema watalipa wakiona. Nawe umesema wataona wakilipa. Mimi nimekaa hapo katikati."

"Umekaa hapo tangu lini?"

"Tangu niandikwe kazi, Mheshimiwa."

Alitikisa kichwa polepole. Sijui kama alikuwa akitabasamu au jua lilikuwa machoni. Alimpa Min Apiyo mkono, akanipa mimi, akarudi garini. Yule mlinzi akabaki nyuma kidogo, akaninong'oneza, "Asante kwa yangu pia."

Hotuba ya Homa Bay tuliisikiliza kwenye redio ya Min Apiyo, kina mama wamejaa stooni hadi mlangoni. Mimi nilikuwa nasubiri kufukuzwa kazi hewani. Rais alianza kusoma karatasi, akasoma kidogo, kisha tukasikia karatasi ikiwekwa. Akawaambia watu kwamba njiani ametozwa. Akaeleza yote, hata mifuko mitupu, na uwanja ulicheka hadi redio ikakwaruza. Kisha akasema alilipiwa na mtumishi wake, na hakuona uchungu wa kulipa, kwa kuwa alichokilipia alikuwa akikitazama: kina mlango, kina maji, kina sabuni. Akasema amehubiri miaka mingi kwamba mwananchi atoe kwanza ndipo aone. Bado anaamini mwananchi atoe. Lakini leo amejua kwamba mwenye kutoza naye ana la kuonyesha, na hawezi kuendelea kumwambia mtu aliyebanwa kwamba choo kitafuata.

Min Apiyo alikuwa ameangalia chini, anachezea pindo la leso. Halafu Rais akauliza, mbele ya watu wote, ni nani anayehusika na choo cha soko lile. Bwana Odero alikuwa nyuma ya jukwaa, na aliniambia kwamba viongozi walivyogeukiana, kila mmoja akimtazama wa kando yake, macho yalizunguka jukwaa zima yakarudi yalikoanzia.

Choo kilijengwa kwa haraka ambayo sijaiona tena katika utumishi wangu. Kilikuwa cha matofali, upande wa wanawake na wa wanaume, na bamba la shaba mlangoni lenye majina ya watu ambao hawakuwahi kukitaka. Bwana Odero alisimama mbele yake siku ya kufunguliwa. "Miaka yote hii nimefundisha kodi kwa akili, kwa Biblia na kwa ng'ombe," akasema. "Kumbe kilichohitajika ni kibofu."

Na mimi sikuona ngamia. Yule mkubwa wa simu alinipigia kunipongeza, akasema alijua tangu mwanzo.

Nilidhani Min Apiyo atakuja kunishukuru. Alikuja kweli, akatoka sokoni hadi ofisini Homa Bay, akakalia kiti bila kukaribishwa, akapiga meza.

"Nyar Kuria, umeniua!"

"Nimefanya nini, mama?"

"Choo! Wamejenga choo!"

"Si ndicho ulichokuwa ukidai?"

"Nilisema wajenge. Sikusema wajenge mkabala na yangu! Padri ameenda. Makanga wameenda. Hata yule bibi wa ndizi, ambaye ni kwa sababu yake nilichimba, naye anapita hapo mbele yangu akinisalimia." Akavuta kiti karibu. "Sasa kodi ndio hiyo? Unatoa pesa, serikali inazichukua inakujengea mshindani?"

"Lakini wewe hujalipa kodi bado, mama."

Alifikiria hilo. "Basi ndio mbaya zaidi," akasema.

Bwana Odero alikuwa akisikiliza mlangoni. Akaingia, akaulizia mvua, kisha akamwambia kwamba baraza la mji linatafuta mtu wa kupewa tenda ya kukiendesha choo kipya, kukisafisha na kukusanya ada yake, na hakuna anayejua kazi hiyo kuliko yeye. Uso wa Min Apiyo ukafunguka kama dirisha. Halafu Bwana Odero akakohoa, akasema kuna sharti moja dogo. Mwenye tenda lazima awe na namba ya mlipa kodi.

Nilijua anayemfikiria. Nikamwona yule msichana mdogo na sufuria ya chakula, na mzee aliyesimama kwenye mafunjo, maji kiunoni. Sikusema kitu, na Bwana Odero hakusema kitu, na hiyo ndiyo elimu bora ya kodi niliyowahi kuitoa.

Mwishowe akasema, "Leta kalamu."

Nikauliza jina, akataja. Nikauliza aina ya biashara. Akafikiri. "Andika," akasema, "haja za watu."

Wiki ile ile kina mama wa soko walikuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na watoto wao na omena ya kutusalimia, ambayo Bwana Odero alisema si kuku, kwa hiyo tusikimbie. Min Apiyo alipata tenda. Kile cha mabati akakigeuza kuwa stoo. Na mimi na mkutano wangu wa kodi hatukuhitajika tena pale, kwa sababu yeye aliwahubiria wateja wakiwa kwenye foleni, mahali ambapo mtu hawezi kuondoka. Siku moja nilimpeleka kwa mwenye shamba la miwa aliyekuwa akikwepa kodi, yule wa mbwa. Mwanamume yule alilipa yote kabla ya chai.

Miaka ikapita. Bwana Odero alistaafu, akaenda kufuga nyuki, na alipofariki nililia kuliko nilivyotarajia. Rais naye akamaliza muda wake, akaenda kwao, akaja mwingine. Nchi nzima ikabadilisha picha ukutani, kama desturi: ya zamani inashuka, mpya inapanda. Afisa mmoja kijana wa utawala akapita kukagua, akarudi amekasirika. Kwenye choo cha soko, alisema, juu ya dirisha la kulipia, bado yuko Rais mstaafu, na yule mama amekataa kumteremsha. Nikatumwa mimi, kwa kuwa namfahamu.

Nilimkuta ameketi dirishani, mvi zimemjaa, miwani puani, foleni mbele yake. Picha ilikuwa pale kweli, imefutwa vumbi kuliko kioo chochote sokoni.

"Min Apiyo," nikasema, "tumepata Rais mwingine."

"Najua. Nimempigia kura."

"Na picha yake walikuletea?"

"Waliniletea. Mzuri, anacheka vizuri."

"Sasa iko wapi?"

Akampokea mteja, akamkatia karatasi, akanigeukia.

"Iko kwa stoo, na mifagio," akasema. "Siku atapita hapa, aingie, alipe, nitamtundika."